Glovu Yenye Pindo la Buluu

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Signy, binti wa marehemu rafiki yangu Oddny, na kama huniamini mimi basi mwamini Eilif, dereva wa greda la theluji, ambaye hata umnyweshe pipa zima hawezi kutunga hadithi. Mimi ni Borghild. Ninapika kwenye mkahawa ulio pale getini, barabara inapoanza kupanda mlima wa Skarvheia, huku kaskazini mwa Norwei. Nimekaa pale muda mrefu kiasi kwamba madereva huniuliza mimi hali ya hewa kabla ya kumsikiliza mtu wa redio.

Siku ya kwanza ya mkasa huu ilianza vizuri tu. Nilikuwa namenya viazi. Supu ya kondoo na kabeji ilikuwa jikoni, nje theluji ilikuwa inapulizwa kwa ubavu, na geti lilikuwa limefungwa. Geti likifungwa hakuna anayevuka mlima peke yake. Magari hupanga foleni, Eilif anatoka na tochi yake na kupita gari moja moja. Mafuta yapo? Koleo lipo? Nguo za kutosha? Halafu anasema, "Washa waipa." Waipa yako ikigoma, ikikwaruza au ikiacha michirizi kwenye kioo, hupandi, hata uwe nani. Kisha greda linatangulia, magari yanafuata kwa msafara, na kila dereva anakaza macho kwenye taa nyekundu za aliye mbele yake. Kuna sheria moja inayozipita zote, na watoto wetu wanaijua kabla ya kujua kusoma: lolote litakalotokea huko juu, usishuke kwenye gari.

Oddny aliingia akikung'uta buti mlangoni.

"Borghild, nipe kahawa kabla sijageuka barafu."

"Umegeuka zamani, mwenzangu. Ndiyo maana wanaume wanakukimbia."

Alicheka kicheko chake kile kikubwa, akavua glovu na kuziweka mezani. Nilimfumia mimi, za sufu ya kijivu zenye pindo jekundu, zile zenye kidole gumba peke yake, vidole vingine vinakaa pamoja. Alikuwa anakwenda mahakamani mjini, ng'ambo ya mlima. Baba yake alikuwa amefariki kabla ya theluji kuanguka, na kwetu shamba la ukoo ni la mtoto wa kwanza, awe mwanamke au mwanamume. Wa kwanza alikuwa Oddny. Lakini mdogo wake, Torleiv, mwenye gereji pale bondeni, alikuwa amelima shamba lile na kuwalisha wale kondoo tangu ndevu zilipomwota, na alishaamini ni lake. Tangu mazishi ya baba yao alikuwa hamsemeshi dada yake. Siku hiyo ndiyo shauri lilikuwa linasikilizwa. Asiyefika, linaamuliwa bila yeye.

"Torleiv kanitengenezea waipa jana," Oddny akaniambia, macho yanang'aa. "Zilikuwa zinaniachia ukungu katikati ya kioo. Nikaenda gereji nikijua atanifukuza. Kaniwekea mipira mipya, kakaza kila kitu, kanijazia na maji ya kioo. Hata kahawa kanipa!"

"Torleiv? Huyu huyu Torleiv wetu?"

"Ni mdogo wangu, Borghild. Hasira zimemwisha."

Nilifurahi kwa ajili yake. Nikamkatia mkate, nikampakia jibini ya kahawia, akala amesimama. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Eilif aliwasha redio na kuutangazia upande wa pili: magari saba yanapanda.

Upande wa pili walihesabu sita.

Walimpata kesho yake dhoruba ilipotulia. Gari lilikuwa katikati ya barabara, na yeye alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, chini ya ule ufito mrefu wa kuonyesha ukingo wa njia, kwenye kona kubwa. Alikuwa amejikunja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu na vidole vimechubuka. Glovu ya kushoto haikuonekana.

Eilif alilivuta gari mpaka kwenye banda lake na kulikagua mwenyewe, kisha akaniita. Akanionyesha tanki la maji ya kioo. Wakati wa baridi sote tunaweka yale maji yenye dawa, yasiyoganda. Tanki la Oddny lilikuwa limepasuka kwa barafu. Maji matupu ya bomba, yametiwa rangi kidogo ili yafanane. Alipobonyeza ayarushe, kioo kikafunikwa na ngozi nyeupe ya barafu palepale, hakuona mbele wala pembeni. Waipa ilipojaribu kukwangua ile barafu, ikachomoka na mkono wake mzima.

"Tazama hii," Eilif akanong'ona, kidole chake kikiwa kwenye kipande cha chuma kinachoshika waipa. "Nati haikukatika. Meno yake ni mazima. Imelegezwa, Borghild. Imeachwa inashikilia kwa mizunguko miwili."

Mtu asiyeona hawazi kingine ila kuona. Ndiyo maana Oddny, aliyeijua ile sheria tangu utotoni, alishuka kuitafuta waipa yake kwenye theluji, kwa mkono mtupu.

Tulikwenda kwa Asgaut, ofisa wa polisi wa bonde letu. Asgaut na Torleiv huwinda pamoja kila majira ya kuwinda, wanalala kibanda kimoja, wanakunywa chupa moja. Alitusikiliza huku akichezea kalamu.

"Baridi hulegeza chuma, Eilif. Wewe unajua."

"Na maji?" nikamuuliza.

"Watu husahau. Huenda alijijazia mwenyewe. Nenda kapumzike, mama, una uchungu."

Basi, ikaishia hapo. Torleiv alihamia shambani kabla majani hayajaota kwenye kaburi la dada yake.

Lakini kuna jambo nililolifanya ambalo sikumwambia mtu. Asubuhi ya mazishi niliingia kanisani mapema, kabla fundi hajalifunga jeneza. Nilikuwa nimemfumia Oddny glovu ya kushoto, maana sikutaka aende na mkono mmoja wa baridi. Sufu nyekundu ilikuwa imeniishia, kwa hiyo pindo la hii mpya nililifuma la buluu. Na karibu na kidole gumba niliruka tundu moja, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuliona. Nilimvalisha, nikamkunjia vidole, nikainama sikioni pake.

"Sasa una mikono miwili," nikamwambia. "Ifanyie unachotaka."

Fundi akaja akafunga. Nilimwona akikaza kila skrubu.

Majira ya baridi yaliyofuata, Torleiv akaanza kukonda. Mwanzoni watu walicheka. Huku kwetu mtu akiegesha gari kwenye baridi huziinua waipa zake ziache kugusa kioo, zisije zikaganda juu yake. Torleiv alikuwa na mazoea ya kuziacha za wateja zimelala. Kila asubuhi akifungua gereji alizikuta uwanjani zimeinuliwa zote, hata za magari mabovu yasiyo na betri. Alizilaza. Kesho yake akazikuta zimeinuka tena, safari hii zote zimepindwa kuelekea dirisha la ofisi yake.

"Watoto hao," akasema. Lakini theluji ya uwanjani haikuwa na alama ya mguu.

Halafu ikaja nyumbani. Signy alikuwa anaishi kwenye kile kijumba kidogo cha uani, pale pale shambani, na yeye ndiye aliyeniambia. Baridi ikiwa kali, vioo vya madirisha vinajaa barafu. Dirisha la chumba cha Torleiv, ghorofani, kila asubuhi lilikuwa na sehemu moja iliyofutwa safi, umbo la nusu duara, kama waipa inavyofuta. Ilifutwa kwa nje. Hakuna ngazi, hakuna kibaraza, ukuta mtupu mpaka chini.

"Mama mdogo, kuna kitu kinamchungulia," Signy aliniambia. Aliniita mama mdogo tangu alipojua kusema.

"Kimchungulie," nikamjibu. "Wewe unalala vizuri?"

"Mimi nalala. Dirisha langu halijaguswa."

Pengine ni woga uliomfanya Torleiv aharakishe. Haki ya Oddny ilikuwa imeangukia kwa Signy, na mahakama ilikuwa inamsubiri msichana aseme kwa kinywa chake kama analitaka shamba au analiachia. Torleiv alimwandama asubuhi na jioni. Wewe ni mwanafunzi, utafanya nini na kondoo. Wewe ni mpweke, nyumba kubwa hivi itakumeza. Mama yako angekuwa hai angekuonea huruma. Hilo la mama yake ndilo lililomvunja. Alikubali kwa kuchoka tu, na mtu aliyechoka hukubali chochote.

Wakaja getini pamoja, kwenye pikapu mpya ya Torleiv, siku ya dhoruba. Nilikuwa naipua sufuria. Signy aliingia, mjomba wake nyuma yake, hatua kwa hatua, utadhani mlinzi na mfungwa.

"Supu, mwanangu?"

"Hatuna muda," Torleiv akajibu kwa niaba yake.

"Sikukuuliza wewe. Wewe hata ukinywa supu yangu haitapita kooni."

"Borghild, ulimi wako siku moja utaganda nje."

"Ugande. Bora ulimi kuliko moyo." Nikamgeukia Signy na kumshika mashavu. "Ukishafika mbele ya hakimu, unaweza kusema hapana. Neno moja tu. Shamba ni la mama yako, na sasa ni lako."

"Mama mdogo, nimechoka. Nataka tu aniache."

Niliumia hadi mifupani. Mtoto alikuwa anakwenda kumkabidhi muuaji kitu kile kile alichoua kwa ajili yake, tena kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nimesimama na mwiko. Alilobaki nalo kutoka kwa mama yake lilikuwa ni shamba lile. Nilimtazama Torleiv akimfungulia mlango wa gari, nikatamani mlima umfanye kitu. Naam, nilitamani. Siombi radhi.

Eilif alimulika tochi. "Washa waipa."

Torleiv akawasha. Zilikwenda laini, bila mkwaruzo.

"Umeona?" akamwambia Eilif. "Kazi ya fundi hiyo."

"Nimewahi kuiona kazi yako," Eilif akasema. "Nyinyi ndio wa mwisho. Nyuma yenu hakuna mtu."

Akapanda greda, akaitangaza hesabu redioni. Saba tena. Nilisimama dirishani mpaka taa zao zikamezwa.

Yaliyotokea huko juu alinieleza Signy mwenyewe, akiwa amekaa karibu na jiko langu, blanketi begani, na sijaongeza neno.

Mwanzoni palikuwa shwari. Hita ilipuliza, Torleiv alipiga mluzi, na taa nyekundu za gari la mbele zilionekana. Walipokaribia kona kubwa, waipa ya upande wa Torleiv ikaanza kubeba barafu. Hilo ni jambo la kawaida. Theluji inayeyuka kwenye kioo chenye joto, inaganda kwenye mpira, na waipa inakuwa gongo linalopita bila kufuta. Dawa yake kila mtu huku anaijua. Unashusha dirisha, unatoa mkono, waipa ikipanda hadi ukingoni mwa kioo unaidaka, unaivuta na kuiachia ijichape. Kwetu usukani uko kushoto, kwa hiyo mkono unaotoka ni wa kushoto. Torleiv akaichapa. Barafu ikadondoka. Akafunga dirisha akicheka.

Ikaganda tena.

Upande wa Signy kioo kilikuwa safi.

"Ajabu," Torleiv akasema. "Mota ni moja. Mpira ni ule ule."

Akashusha dirisha. Akaidaka. Akaichapa. Ikaganda kabla hajaurudisha mkono ndani.

Ndipo Signy aliposikia. Tap. Ilikuwa upande wake. Waipa ya mbele yake ilikuwa imeinuka kwenye kioo, ikasimama kidogo, ikaachiwa. Tap. Barafu ikaruka. Gari lilikuwa linakwenda.

"Mjomba," akanong'ona. "Umeona?"

"Upepo huo."

Tap.

Safari hii aliiona. Ilikuwa glovu ya sufu, ya kijivu. Ilitokea kwenye theluji, ikaidaka waipa kwa kidole gumba, ikaivuta, ikaiachia. Ilikuwa na pindo. Chini ya pindo hapakuwa na kitu.

Hakupiga kelele. Aliniambia hakuogopa wakati ule, na hajui kwa nini.

Torleiv hakuona glovu. Alikuwa haoni chochote. Akabonyeza maji ya kioo. Yakaruka, yakaganda palepale, meupe, upande wake peke yake.

"Niliweka ya baridi," akasema. "Niliyaweka mwenyewe asubuhi. Naapa niliweka ya baridi."

Taa nyekundu zilikuwa zimepotea.

Akasimamisha gari. Pembeni, kwenye mwanga wa taa, ulikuwa umesimama ule ufito mrefu wa kona kubwa. Torleiv aliutazama muda mrefu. Kisha akashusha dirisha na kutoa mkono.

Hakuurudisha.

"Signy." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Kuna mtu ameushika mkono wangu."

Alivuta. Bega likajigonga kwenye mlango. Alivuta tena. Kitu cha nje kilivuta taratibu kuliko yeye, bila haraka.

"Oddny," akanong'ona. "Dada. Nisikilize, dada. Nilitaka uchelewe tu. Uchelewe tu, basi. Sikujua kama utashuka."

Signy alimgeukia. Alikuwa amesikia kila neno. Mwaka mzima alikuwa amelala uani kwa mtu huyu, amekula mezani kwake, amembebea kuni.

"Ulilegeza nati?" akamuuliza.

"Nilitaka achelewe tu! Mwambie. Mwambie aniache, wewe atakusikia."

Signy alitazama mbele, kwenye kioo chake safi.

"Mimi siwezi kushuka," akasema. "Ndiyo sheria."

Mlango ukafunguka. Ulifunguliwa kwa nje. Mkono wa kulia wa Torleiv ulikuwa umeng'ang'ania usukani, na Signy aliona vidole vikiachia, kimoja, kimoja. Theluji ikaingia. Halafu kiti kilikuwa kitupu, na mlango ukafungwa polepole, bila kishindo, jinsi Oddny alivyofunga milango siku zote.

Mkanda wa kiti ulibaki umefungwa, kama Torleiv alivyoufunga getini.

Signy aliufungua, akahamia kwenye usukani. Kioo cha upande ule kilikuwa ukuta. Akainamia kulia, akachungulia kwenye ile nusu iliyo safi, akatia gia. Aliendesha kutoka ufito hadi ufito, polepole, analia na kuongea na mama yake. Kila barafu ilipoanza kushika upande ule safi, alisikia. Tap. Kioo kikafutika. Tap. Mpaka akaona taa za geti la ng'ambo.

Kule ng'ambo Eilif alikuwa amehesabu sita, na moyo wake ulikuwa umeshakata tamaa. Halafu la saba likatokea kwenye theluji, binti peke yake kwenye usukani, ameinamia upande mmoja. Alipomteremsha, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Nipeleke kwa hakimu." Akaenda vile vile, nywele zimejaa theluji, akasimama na kusema analitaka shamba. Kisha Eilif akamrudisha kwangu ndani ya greda.

Torleiv walimpata chini ya ule ufito. Theluji ilikuwa imemfunika mwili wote isipokuwa mkono wa kushoto, ulioinuka juu kuanzia begani, vidole vimekunjwa kama vya mtu anayeongozwa njia. Mkono ule haukukubali kushuka, hata walipompasha joto. Ilibidi fundi amtengenezee jeneza la kifuniko kirefu. Na kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama iliyozama kwenye nyama, safu kwa safu. Daktari alisema ni kamba. Mimi niliomba kuitazama. Ilikuwa ni alama ya sufu iliyofumwa, na karibu na mahali pa kidole gumba palikuwa na tundu moja lililorukwa.

Asgaut aliandika kwamba ni ajali ya barafu. Baridi, alisema.

Siku ile Signy alipomaliza kunisimulia, nilimuuliza swali moja tu. Ile glovu ilikuwa na pindo gani?

"La buluu," akasema. "Nilishangaa, mama mdogo. Za mama si zilikuwa na pindo jekundu?"

Eilif alikuwa amesimama mlangoni. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kitu kilicholoa. "Nilitaka kukuuliza wewe," akaniambia, "maana hii ni kazi yako. Niliikuta kwenye ile pikapu, imebanwa chini ya waipa ya abiria." Akaiweka mezani, palepale Oddny alipoweka zake.

Sikumwambia mtu nilikoiacha mara ya mwisho. Niliitundika kwenye msumari juu ya jiko ikauke.

Haijawahi kukauka. Na siku za dhoruba, Signy akiwa na safari ya kuvuka, siikuti kwenye msumari. Akishafika salama ng'ambo, nikigeuka naikuta imerudi, inachuruzika maji jikoni. Nimezoea. Ninaisogeza kidogo, napika.

Signy anaendesha shamba vizuri. Kondoo wamezaa mapacha. Leo hana safari, yuko zizini tangu asubuhi, na mimi nilikuwa namenya viazi wakati Asgaut alipoingia akikung'uta theluji kwenye kofia yake.

"Kahawa, Borghild. Nyeusi. Ninakwenda mjini, wananipandisha cheo."

"Hongera."

Akasogea jikoni kuota moto, akainua macho kwenye msumari. "Bado unafuma? Hii mbona ni moja?"

"Si yangu. Namtunzia mtu."

Akacheka, akanywa, akatoka. Foleni ilikuwa fupi, yeye nyuma kabisa. Nilimsikia Eilif akimwambia awashe waipa, na waipa zikawaka. Magari matano yakapanda, theluji ikafunga nyuma yao.

Nikageuka kuchukua chumvi. Msumari ulikuwa mtupu. Chini yake, sakafuni, palikuwa na matone ya maji yanayoelekea mlangoni.

Muda umepita tangu hapo. Sasa hivi redio imelia juu ya rafu, Eilif anaita kutoka ng'ambo, sauti inakatikakatika. "Borghild? Borghild, yalikuwa matano au manne? Nijibu."

Nimemsikia. Lakini supu haijaiva, na viazi bado ni vingi. Nimechukua kingine, ninakimenya taratibu, ganda lisikatike.